Kwa nini 53BP1 inahitajika kuliko Ligasi IV katika kubadilisha daraja la kingamwili?

Msomaji_wa_Kinga ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Ninasoma shahada ya uzamili katika baiolojia ya molekuli, na kwa muda sasa nimekuwa nikipitia maandiko kuhusu namna seli B zinavyobadilisha daraja la kingamwili, yaani namna seli iliyoanza kwa kutengeneza IgM inavyohamia IgG, IgA au IgE bila kuigusa sehemu inayoshika antijeni. Mpangilio wa jumla ninaufahamu. Kimeng'enya AID kinaharibu besi katika maeneo ya kubadilishia, ambayo yamekaa mbele ya jeni za sehemu isiyobadilika ya mnyororo mzito. DNA inakatika katika maeneo mawili. Kipande cha katikati kinaondolewa kikiwa kimejikunja kama duara. Na ncha mbili zilizokuwa mbalimbali zinaungwa.

Kinachonitatiza ni nafasi ya protini za kukarabati DNA. Kwanza, UNG na MSH2 zinafundishwa kila mahali kuwa ni walinzi wa jenomu, kwa kuwa kazi yake ni kung'oa urasili (besi isiyostahili kuwa ndani ya DNA) na kusahihisha besi zisizolingana. Inakuwaje basi protini hizohizo zikiondolewa, DNA ya eneo la kubadilishia haikatiki? Ningetarajia kinyume chake, yaani kwamba uharibifu wa AID ungezidi kwa kukosa wa kuuzuia.

Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi, Ligasi IV na mshirika wake XRCC4 ndizo zinazofunga ncha za DNA katika njia ya kawaida ya uungaji wa ncha kwa ncha. Hata hivyo, seli B za panya zisizo na moja ya protini hizo bado zinabadilisha daraja kwa kiwango cha kati ya robo na nusu ya kawaida, ilhali seli zisizo na 53BP1, protini ambayo haikati wala haiungi chochote, zinapoteza zaidi ya asilimia 90 ya uwezo huo. Ugumu unaongezeka nikikumbuka kwamba katika upangaji wa vipande vya V, D na J, vinavyounganishwa kutengeneza jeni ya sehemu inayoshika antijeni, hali imegeuka: bila Ligasi IV hakuna kinachoendelea, na bila 53BP1 kazi inakwenda karibu kama kawaida. Mantiki ya tofauti hii ni ipi?

Natanguliza shukrani kwa yeyote atakayenisaidia.

Mtafiti_SeliB amejibu:

Ndugu Msomaji, maswali yako mawili yana shina moja, ila nitaanza na la kwanza kwa sababu la pili linasimama juu yake.

AID haikati DNA. Jambo hili linasahaulika mara nyingi, hata katika mihadhara. Kimeng'enya hiki, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza na maabara ya Tasuku Honjo ya Kyoto mwaka 1999, kinafanya kitendo kimoja kidogo: kinaondoa kundi la amini kutoka kwenye sitosini na kuigeuza kuwa urasili, nacho kinaweza kufanya hivyo pale tu ambapo uzi wa DNA uko wazi bila mwenzake. Maeneo ya kubadilishia yanatoa nafasi hiyo kwa wingi. Eneo linaposomwa ili kutengeneza RNA, RNA hiyo inang'ang'ania uzi iliyonakiliwa kutoka kwake, na uzi wa pili, wenye guanini nyingi, unabaki umeachwa wazi. Kisha mtambo wa seli unaosaga RNA unasaidia kuufunua hata ule uzi uliokuwa umefunikwa. Zaidi ya hayo, maeneo haya yamejaa mfuatano wa AGCT, ambao husomeka vilevile kwenye nyuzi zote mbili, kwa hiyo sitosini za kushambuliwa zinakaa karibu karibu, moja juu na nyingine chini.

Urasili wenyewe haukati kitu. Ukiachwa hivyo hivyo hadi DNA inakiliwe, utasomwa kama thaimini, na matokeo yatakuwa badiliko la besi moja tu. Hapa ndipo UNG inapoingia: inaung'oa urasili, inabaki nafasi isiyo na besi, na APE1 inakata uti wa uzi kwenye nafasi hiyo. Hizo ni hatua za mwanzo za ukarabati wa kawaida kabisa wa kung'oa besi, njia ambayo Tomas Lindahl alianza kuifumbua katika miaka ya 1970 alipokuwa akitafuta kimeng'enya kinachoondoa urasili, na ambayo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015. Kwingineko katika jenomu, polimerasi beta ingelijaza pengo, ligasi ingelifunga, na habari ingeishia hapo. Katika eneo la kubadilishia mikato ni mingi na imekaribiana mno, hata mkato wa uzi wa juu unakutana na mkato wa uzi wa chini kabla ukarabati haujakamilika, na hapo DNA inapasuka nyuzi zote mbili.

Mikato isipokaribiana vya kutosha, njia ya pili inasaidia. MSH2 ikiwa pamoja na MSH6 inaitambua jozi ya urasili na guanini kama kosa, inaziita MLH1 na PMS2, na EXO1 inaanza kuula uzi mmoja kutoka kwenye mkato hadi ifike mkabala na mkato wa upande wa pili. Ushahidi unaonivutia zaidi juu ya mgawanyo huu wa kazi unatoka kwa panya walioondolewa yale marudio yaliyosongamana ya eneo la kubadilishia la IgM, ambalo huitwa Sμ. Kwa panya mwenye marudio yake kamili, kukosa MSH2 kunapunguza ubadilishaji bila kuukomesha. Kwa panya ambaye marudio hayo yameondolewa, kukosa MSH2 kunakaribia kuufuta kabisa. Maana yake ni kwamba pale ambapo shabaha za AID zimesongamana, UNG inatosha kwa sehemu kubwa. Pale zilipotawanyika, lazima awepo wa kuula uzi ili mikato miwili ikutane. Na UNG na MSH2 zikikosekana kwa pamoja, hakuna ubadilishaji wowote, hata kama AID ipo na inafanya kazi yake barabara.

Sasa, je, hawa ni walinzi au wabomoaji? Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulichunguza jeni nyingi ambazo AID inazigusa nje ya jeni za kingamwili. Ilionekana kwamba seli B zenye ukarabati timamu huziacha nyingi kati ya jeni hizo bila dosari, na kwamba UNG na MSH2 zikiondolewa ndipo mabadiliko yanapojitokeza katika jeni zilizokuwa zikionekana safi. Kwa hiyo protini hizohizo, ndani ya seli hiyohiyo, zinasahihisha kwingine na kuzaa mipasuko kwenye maeneo ya kubadilishia. Kwa maoni yangu, wingi na ukaribu wa urasili ndio unaoamua kwa sehemu kubwa: uharibifu mmoja mmoja unakarabatiwa, na uharibifu uliorundikana pamoja unazaa mpasuko kutokana na juhudi ileile ya kuukarabati. Hatuhitaji kuzipa UNG na MSH2 tabia mbili.

Kuhusu 53BP1 nitasema kwa ufupi. Inazuia ncha zilizopasuka zisichongwe, yaani uzi mmoja wa kila ncha usiliwe na kuacha mwenzake akining'inia. Ncha zikichongwa, njia ya kawaida ya uungaji haiwezi kuzitumia. Naamini hiyo inatosha kueleza upotevu wa asilimia 90 uliouona.

Mwalimu_wa_Jenetiki amejibu:

Ninakubaliana na yote ambayo ndugu Mtafiti ameandika kuhusu kuzaliwa kwa mipasuko, ila ningependa kuongeza jambo, na pia kupinga kidogo sentensi yake ya mwisho, kwa sababu ndani ya "inatosha" kumefichika jambo ambalo Msomaji analiuliza hasa.

Tuanze na Ligasi IV. Ilikuwa vigumu kuipima katika ubadilishaji wa daraja, kwa sababu panya asiyekuwa nayo hapati seli B hata moja iliyokomaa: seli zote hukwama katika hatua ya kupanga V, D na J. Wengine walikwepa kikwazo hicho kwa kumpa panya jeni za kingamwili zilizokwisha kupangwa, na wengine kwa kuiondoa protini baada ya seli B kukomaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 ndiyo yale uliyoyataja: ubadilishaji ulipungua lakini haukukoma. Sura ya viungo ndiyo iliyobadilika. Katika seli ya kawaida, viungo vingi ni vya ncha kwa ncha moja kwa moja, au vina besi chache tu zinazofanana pande zote mbili. Bila XRCC4, viungo vya moja kwa moja vinatoweka, na vinavyobaki vyote vimeegemea mifuatano mifupi inayofanana, ambayo ncha hizo zimeitumia kushikana. Hiyo ni alama ya njia mbadala ya uungaji, ambayo hutumia vimeng'enya vingine, ikiwa ni pamoja na Ligasi I na Ligasi III. Maeneo ya kubadilishia yana marudio mengi, kwa hiyo mifuatano inayofanana haikosekani, na njia mbadala inakuta mazingira mazuri.

Hii inajibu sehemu ya swali lako kuhusu V, D na J. Huko kimeng'enya RAG hukata mahali palepale palipowekwa alama, tena inabaki imezishika ncha zote nne na kuzikabidhi kwa njia ya kawaida ya uungaji. Ncha hazikai ovyo, wala njia mbadala haipewi nafasi ya kuzifikia. Kwa hiyo Ligasi IV ikikosekana, hakuna mrithi wa kazi yake. Tena, kwa kuwa RAG ndiyo inayozishika ncha, 53BP1 haina mengi ya kuongeza, isipokuwa pale ambapo vipande vya kuungwa viko mbali sana, na kweli athari ndogo za kuikosa zimeonekana katika hali ya namna hiyo.

Ubadilishaji wa daraja hauna RAG. AID imekuja, imeacha urasili, imeondoka. Mipasuko imetokea mahali popote ndani ya eneo lenye maelfu ya besi. Na ncha za Sμ zinapaswa kukutana na ncha za eneo jingine ambalo huenda liko umbali wa zaidi ya jozi za besi 100,000. Kila kitu kinategemea namna kromatini inayozunguka mpasuko inavyozitunza ncha hizo kwa muda huo. Mnyororo wa matukio ni huu: changamani la MRE11, RAD50 na NBS1 linautambua mpasuko na kuiamsha ATM, ATM inaitia fosfati histoni H2AX, MDC1 inashika hapo na kuiita RNF8, ambayo inaandaa njia ya RNF168, RNF168 inabandika ubikwitini kwenye histoni H2A, na 53BP1 inaisoma alama hiyo pamoja na alama ya methili iliyoko kwenye histoni H4, kisha inatulia hapo. ATM inapoitia fosfati 53BP1 yenyewe, RIF1 inajiunga nayo, na baada ya RIF1 linafuata changamani la shildini, lililofafanuliwa mwaka 2018, lenye REV7 pamoja na SHLD1, SHLD2 na SHLD3. SHLD2 inaukamata uzi ulioachwa peke yake, na changamani jingine linaloitwa CST linaileta polimerasi alfa ili kujaza sehemu iliyokwisha kuchongwa. Kiungo chochote kati ya hivi kikikatika, ubadilishaji unapungua, ingawa si kwa kiwango kilekile.

Mtu anayeunga kamba iliyokatika hufunga kwanza ncha zake zisifumuke, kwa maana kamba ikifumuka mbali, fundo zuri namna gani halitasaidia. Ligasi IV ndiyo fundo, na fundo linaweza kufungwa kwa namna nyingine. 53BP1, RIF1 na shildini ndizo zinazozuia kufumuka, na kazi hiyo haina wa kuishika.

Sasa nifike kwenye upinzani wangu. Kama uchongaji ungekuwa ndio sababu yote, basi kuuzuia katika seli zisizo na 53BP1 kungerudisha ubadilishaji katika kiwango cha kawaida. Haikuwa hivyo. Majaribio kadhaa yameonyesha kwamba ulinzi wa ncha ni wa lazima lakini hautoshi, na kwamba 53BP1 inachangia kwa namna nyingine isiyotegemea ulinzi huo. Dalili ya namna hiyo nyingine ilipatikana mwaka 2015 katika kazi ya kundi la Frederick Alt. Mipasuko miwili ndani ya kromosomu moja inaweza kuungwa kwa namna mbili: kipande cha katikati kitolewe, au kigeuzwe na kurudishwa mahali pake. Ni namna ya kwanza tu inayoleta kingamwili ya daraja jipya. Katika seli ya kawaida, utoaji unazidi ugeuzaji kwa mbali sana. Bila 53BP1, upendeleo huo unapotea, na namna zote mbili zinakaribia kulingana. Baadaye, mwaka 2019, ilionyeshwa kwamba protini ya kohesini inazivuta kamba za kromatini na kutengeneza vitanzi hadi Sμ na eneo lengwa yakae ubavu kwa ubavu, jambo linaloelekeza ncha gani ikutane na ipi. Kwa hiyo ninaiona 53BP1 kama protini yenye kazi mbili, kuhifadhi ncha na kudumisha mpangilio unaozikutanisha ncha zinazofaa, na upotevu wa asilimia 90 unatokana na kukosa yote mawili kwa wakati mmoja.

Mtafiti_SeliB amejibu:

Mwalimu, hoja ya mwelekeo wa uungaji ina nguvu, nami naipokea. Niongeze ushahidi mwingine unaoelekea upande wako: katika seli zisizo na 53BP1, mipasuko ya Sμ haikai bila kuungwa. Nyingi huungwa ndani ya Sμ yenyewe, ncha na jirani yake wa karibu, na eneo hilo linazidi kufupishwa bila daraja kubadilika. Hilo linafanana na unachokieleza, kwamba kilichopotea ni uwezo wa kufika mbali.

Msomaji_wa_Kinga ameuliza tena:

Nawashukuru sana, Mwalimu na ndugu Mtafiti. Mmenifungua macho kuhusu tofauti kati ya kuhifadhi ncha na kuziunga. Nina swali moja la ziada kwa yeyote anayehudumia wagonjwa. Nikikutana na maelezo ya mtoto mwenye IgM ya kawaida au ya juu, na IgG, IgA na IgE za chini, je, dalili nyingine zinaweza kuonyesha ni hatua gani ya mnyororo huu iliyoharibika? Au ni lazima kusubiri usomaji wa jeni?

Daktari_wa_Watoto amejibu:

Ndugu Msomaji, usomaji wa jeni ndio unaohitimisha, lakini daktari makini anaweza kukisia hatua kabla ya majibu kurudi, na katika baadhi ya hali kukisia huko kunamwepusha mtoto na madhara.

Sababu ya kwanza ya kuifikiria, kwa kuwa ndiyo inayoonekana zaidi, iko nje kabisa ya ukarabati wa DNA: hitilafu ya CD40L, protini ya seli T inayoiamsha seli B kwa kushika kipokezi chake CD40, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo huwapata wavulana karibu wote. Seli T haziwezi kuiambia seli B ianze kubadilisha daraja. Watoto hawa hupata pia maambukizi ya vimelea nyemelezi, kama nimonia ya Pneumocystis na kuhara kwa Cryptosporidium, kwa sababu CD40L ina kazi nyingine zaidi ya kuiamsha seli B. Hitilafu ya CD40 yenyewe inaleta picha inayofanana, kwa jinsia zote mbili.

Mtoto akiwa na maambukizi ya bakteria yanayojirudia ya mapafu, masikio na njia za hewa, bila maambukizi nyemelezi, na tezi zake za limfu zikiwa zimevimba, ninafikiria AID. Uhusiano wa ugonjwa huu na AID ulionyeshwa mwaka 2000, na ndio uliothibitisha kwamba kimeng'enya hicho ni cha lazima kwa binadamu kama kilivyo kwa panya. Kuna jambo ambalo wataalamu wa ukarabati watalipenda: wagonjwa ambao hitilafu yao iko kwenye mkia wa AID wanashindwa kubadilisha daraja, lakini mabadiliko ya besi katika sehemu inayoshika antijeni yanaendelea vizuri. Kimeng'enya kinafanya kazi, urasili unapatikana, ila hatua za baadaye hazikamiliki ipasavyo. Kwa hiyo mkia huo unahusika na yale yanayofuata baada ya besi kuharibiwa.

Hitilafu ya UNG, iliyoelezwa kwa binadamu mwaka 2003, ni adimu mno, na kitandani haitofautiki kirahisi na ya AID. Maabara ndiyo inayoitofautisha. Ukisoma jeni za kingamwili za mgonjwa, unakuta mabadiliko ya besi kwa kiwango cha kawaida, lakini yale yanayotokea kwenye sitosini na guanini yameegemea upande mmoja: sitosini inakuwa thaimini, guanini inakuwa adenini, na karibu hakuna mengine. Hiyo ndiyo alama ya urasili uliosomwa kabla ya kung'olewa, kama ndugu Mtafiti alivyoeleza. Upande wa ukarabati wa besi zisizolingana, watoto waliorithi hitilafu ya PMS2 kutoka kwa wazazi wote wawili wanaweza kuwa na upungufu wa IgG na IgA, lakini mara nyingi kinachowaleta hospitalini ni saratani za utotoni na madoa ya rangi ya kahawia kwenye ngozi.

Sasa nifike pale ninapotaka madaktari wenzangu wasimame na kufikiri. Mtoto mwenye upungufu wa IgA na IgG ambaye pia anayumba anapotembea, au mwenye vijishipa vyekundu kwenye weupe wa macho, huenda ana hitilafu ya ATM. Kiwango cha alfa-fetoprotini katika damu yake huwa juu, na kipimo hicho ni rahisi kukifanya. Mtoto mwenye kichwa kidogo na maambukizi yanayojirudia huenda ana hitilafu ya NBS1 au ya Ligasi IV. Hitilafu ya RNF168, iliyohusishwa na ugonjwa mwaka 2009, inaleta upungufu wa kingamwili pamoja na ugumu wa kujifunza na sura isiyo ya kawaida. Wote hawa wanachangia jambo moja: seli zao haziwezi kuhimili mionzi kama seli za watu wengine. Picha za eksirei na hasa za CT zisizo za lazima ziepukwe, na saratani ikitokea, vipimo vya tiba ya mionzi na dawa vifikiriwe upya kabla ya kuanza. Nimeona upungufu wa kingamwili ukitibiwa kwa miaka kama tatizo la kinga peke yake, bila mtu kuuliza kwa nini mtoto anayumba, na mtoto huyo akapigwa picha moja baada ya nyingine kwa kila kikohozi. Mwenye kuagiza kipimo cha kingamwili anapaswa kumtazama mtoto anavyotembea.

Kuhusu tiba, upungufu wa IgG hujazwa kwa imunoglobulini inayotolewa kwenye mshipa au chini ya ngozi, na kwa hitilafu za AID na UNG tiba hiyo pamoja na uangalizi mzuri huwasaidia wengi kuishi vizuri. Kwa hitilafu ya CD40L upandikizaji wa seli shina hufikiriwa. Kwa hitilafu za ukarabati, imunoglobulini inasaidia maambukizi lakini haigusi hatari ya limfoma, yaani saratani ya seli za limfu. Hatari hiyo inatoka palepale mlipokuwa mkijadili: ncha iliyopasuka kwenye jeni ya mnyororo mzito, katika kromosomu ya 14, isipopata mwenzake wa halali inaweza kuungwa na kromosomu nyingine.

Mwalimu_wa_Jenetiki amejibu:

Nashukuru, Daktari, kwa kulileta suala la limfoma, kwa maana linanipa nafasi ya kumalizia jambo ambalo sikulifafanua. Msomaji anaweza kudhani kwamba njia mbadala ya uungaji ni msaada usio na gharama. Katika seli zisizo na XRCC4, pamoja na ubadilishaji unaoendelea, sehemu kubwa ya seli zinaonekana zikiwa na kromosomu iliyokatika kwenye jeni ya mnyororo mzito, na uhamishaji wa vipande kati ya kromosomu unaongezeka. Katika limfoma ya Burkitt, jeni ya MYC, inayochochea ukuaji wa seli, kutoka kromosomu ya 8 hukutwa imebandikwa mara nyingi kwenye jeni ya mnyororo mzito, na majaribio kwa panya yalionyesha mwaka 2004 kwamba uhamishaji wa namna hiyo ukitokea kwenye maeneo ya kubadilishia unahitaji AID.

Msomaji_wa_Kinga ameuliza tena:

Mwalimu, niruhusu swali la mwisho. Ikiwa kuhifadhi ncha ni jambo jema kiasi hiki, kwa nini seli isiziache 53BP1 na shildini zitawale kila mpasuko, popote na wakati wowote?

Mtafiti_SeliB amejibu:

Nitalijibu hili mimi, kwa kuwa ndilo eneo ninalolifanyia kazi. Mipasuko ya AID inapatikana zaidi kabla seli haijaanza kunakili DNA yake. Wakati huo hakuna nakala dada ya kunakili kutoka kwake, kwa hiyo kuunga ncha kwa ncha ndiyo njia inayofaa, na kuzilinda ncha ni sahihi. DNA ikishanakiliwa, hali inageuka: nakala dada ipo, na ukarabati ulio sahihi zaidi ni ule unaoitumia kama kielelezo. Ukarabati huo hauwezi kuanza bila ncha kuchongwa, na BRCA1, protini ya ukarabati huo, ndiyo inayoiondoa 53BP1 kando ili uchongaji uendelee.

Ushindani huu ulionekana waziwazi mwaka 2010. Seli za panya zenye hitilafu ya BRCA1, ambazo haziwezi kukarabati kwa kutumia nakala dada, ziliporudishiwa uwezo huo, haikuwa kwa kupewa BRCA1 bali kwa kuondolewa 53BP1. Ndiyo sababu wanaotibu saratani zenye hitilafu ya BRCA1 kwa dawa zinazozuia PARP (kimeng'enya kingine cha kukarabati DNA), kama olaparib, wanaifuatilia 53BP1 pamoja na shildini: uvimbe unaozipoteza protini hizo unaweza kuacha kuitikia dawa. Msomaji, ukitaka kuujaribu mnyororo huu kwenye maabara yako, seli za panya za aina ya CH12 zinabadilika kutoka IgM kwenda IgA zikiwekewa kichocheo cha CD40, IL-4 na TGF-β, na ndizo zilizotumiwa kuthibitisha baadhi ya protini za shildini. Anza kwa kuondoa SHLD1, kisha pima IgA pamoja na urefu wa Sμ kwa wakati mmoja, ili uweze kutofautisha seli ambazo DNA yake haikukatika na zile ambazo ilikatika lakini haikufika ilikotakiwa.